Mishipa ya miguu iliyotuna: tiba zipi zipo na ipi inakufaa?

Wadau, leo tuongelee miguu. Kila nikikaa na watu wanaosimama kutwa nzima kazini (walimu, walinzi, wasusi, mama ntilie, makonda), lazima atokee mmoja wa kupandisha suruali au kuvuta khanga kidogo aonyeshe mishipa iliyotuna na kujipinda kama mizizi ya mwembe. Swali huwa ni lile lile: "Hii inatibika, au ndo basi tena?"

Inatibika. Mimi si daktari, ila nimemuuguza shangazi yangu mwenye tatizo hili na nimelisoma sana. Basi nitaeleza kwa lugha yetu, kisha wewe uende hospitali ukijua cha kuuliza.

TATIZO LENYEWE NI NINI?

Damu iliyoshuka miguuni inatakiwa irudi kwenye moyo kupitia vena. Ndani ya vena kuna vali, yaani vijilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Ukitembea, misuli ya kigimbi inabana vena na kusukuma damu juu. Vali zikilegea, damu inarudi chini na kujaa, na mshipa unatanuka. Hiyo ndiyo varikosi.

Vile vishipa vyembamba vyekundu au vya bluu vinavyosambaa kama utando wa buibui ni tatizo la ukoo huo huo, ila dogo. Havifiki milimita 1 kwa upana, wakati varikosi kamili inaanzia milimita 3. Vya buibui mara nyingi ni suala la mwonekano tu. Varikosi inaweza kuleta uzito wa mguu, uvimbe wa jioni, kuwashwa, ngozi kuwa nyeusi na ngumu karibu na kifundo, na mwisho kidonda.

Chanzo? Kurithi kunachangia sana. Kuna pia umri, mimba, unene, na kazi za kusimama au kukaa bila kutembea. Si kwamba umekanyaga kitu cha jirani, jamani. Ukipelekwa kuchanjwa chale kwa wembe juu ya mshipa uliojaa damu, unatafuta kutoka damu isiyokatika, pamoja na maambukizi.

KABLA YA TIBA: ULTRASAUNDI

Kipimo kikuu ni ultrasaundi ya dopla. Hakina maumivu, na kinaonyesha vali ipi imeharibika na damu inarudi wapi. Mtu akitaka kukupasua au kukuchoma sindano ya varikosi bila kipimo hiki, muulize kwanza anajuaje mshipa mbovu ni upi. Unaouona kwenye ngozi mara nyingi ni tawi tu, shina bovu liko pajani.

TIBA ZILIZOPO

1. Kubadili mwenendo. Tembea kila siku, punguza uzito kama umezidi, na ukipumzika inua miguu juu kuliko moyo, dakika kama 15, mara kadhaa kwa siku. Kama kazi yako ni ya kusimama, nyanyua visigino na kuvishusha mara kwa mara ili kigimbi kipige pampu. Hii hupunguza dalili, lakini haitengenezi vali.

2. Soksi za kubana. Siyo soksi za kawaida. Hizi hubana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zinavyopanda. Huvaliwa asubuhi kabla mguu haujavimba, na kuvuliwa usiku. Lazima upimwe kifundo na kigimbi, maana saizi ya kubahatisha haisaidii. Kwa joto la Dar ni mtihani kweli, na zikichakaa hazibani tena, inabidi ununue nyingine. Angalizo: mwenye kisukari, mvutaji sigara wa muda mrefu, au anayeumwa miguu akitembea apimwe kwanza mishipa inayopeleka damu mguuni. Kama hiyo imeziba, kubana kunaweza kuua nyama ya mguu.

3. Sindano za kukausha mshipa. Dawa, kwa mfano polidokanoli, huchomwa ndani ya mshipa. Kuta zinashikana, mshipa unajifunga, na mwili unaunyonya polepole. Ndiyo tiba inayotumika sana kwa vishipa vya buibui. Kwa mishipa mikubwa dawa hufanywa povu. Mara nyingi unahitaji kurudia zaidi ya mara moja. Inaweza kuacha madoa ya kahawia yanayochukua miezi kufifia. Mjamzito hachomwi.

4. Kuunguza mshipa kwa ndani. Mrija mwembamba huingizwa kwenye vena kwa kufuata ultrasaundi, unapigwa ganzi mguu mzima ulipopita mshipa, kisha joto la leza au la mawimbi ya redio linaufunga. Ile ya mawimbi ya redio hufikia nyuzi 120 za Selsiasi. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo kwa miguu yako. Mwaka mmoja baadaye, zaidi ya mishipa 9 kati ya 10 hubaki imefungwa. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2013 uliweka njia hii kuwa chaguo la kwanza kwa varikosi yenye dalili, sindano za povu la pili, na upasuaji la tatu. Ipo pia gundi maalumu ya kufunga mshipa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, ila bei yake si mchezo.

5. Upasuaji. Mshipa mbovu hufungwa kwenye kinena na kuvutwa nje, na matawi hutolewa kwa vitundu vidogo. Ni njia ya zamani lakini bado inafanya kazi, hasa pale ambapo mashine za leza hazipo. Watu huuliza, damu itapita wapi? Sehemu kubwa ya damu ya mguu hupita vena za ndani kabisa, hivyo ule wa juu ukiondolewa hupungukiwi kitu.

6. Leza ya juu ya ngozi. Hii ni ya vishipa vya buibui tu. Sisi wenye ngozi nyeusi tuwe waangalifu, kwani leza isiyofaa huunguza rangi ya ngozi na kuacha mabaka. Uliza kama mashine na mtaalamu wanazoea ngozi yako.

Na zile krimu na mafuta yanayouzwa mitandaoni kuwa "yanamaliza varikosi siku 7"? Hakuna krimu inayorudisha vali. Hela yako ibaki mfukoni.

MWENYE KIDONDA ASISUBIRI

Hapa ndo penye uzito. Shangazi yangu alikaa na kidonda juu ya kifundo miaka 6. Kila zahanati aliyopita alipewa antibayotiki na unga wa kunyunyizia, wengine wakamwambia ni sukari, na alipimwa sukari hana. Hakuna aliyeuangalia mshipa wala kumfunga bendeji ya kubana. Alipofungwa na nesi aliyejua kazi yake, kidonda kilianza kupungua ndani ya wiki chache.

Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 450 wa vidonda hivi, ulionyesha kwamba waliofungwa bendeji na kutibiwa mshipa mapema walipona kwa takriban siku 56, wakati waliocheleweshewa tiba ya mshipa walichukua siku 82. Kwa hiyo kidonda cha mguu kisichopona kwa wiki mbili, omba rufaa.

WAJAWAZITO: mishipa mingi hunywea yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Vaa soksi, inua miguu, tiba nyingine zisubiri.

HATARI, KIMBIA HOSPITALI

- Mguu mmoja umevimba ghafla na unauma: inaweza kuwa damu imeganda ndani. Usiuchue!
- Ukiongezeka upungufu wa pumzi au maumivu ya kifua, ni dharura.
- Mshipa umepasuka: lala chini, inua mguu, bana kwa kitambaa safi bila kuachia. Usifunge kamba.

MASWALI YA KUMUULIZA DAKTARI

Vali ipi imeharibika? Vena za ndani ni nzima? Kwa nini njia hii na siyo ile? Nitarudi mara ngapi? Gharama yote ni kiasi gani, na bima yangu inalipia? Bima nyingi hazilipii urembo, kwa hiyo kama una maumivu, uvimbe au kidonda, hakikisha vimeandikwa kwenye faili lako.

Mwenye uzoefu au swali adondoshe maoni hapo chini. Madaktari na manesi mliomo humu, karibuni mtuongezee.