Viungo vya Ujirani: Magazeti Tando Yalivyopata Wasomaji Wake

Wanafunzi wangu huniuliza kwa mshangao: kabla ya WhatsApp, msomaji alifikaje kwenye tovuti ya mtu asiye na jina? Swali ni la haki, na jibu lake ni sehemu ya historia ya siasa zetu.

Nilianza kuandika mtandaoni nikiishi hapa Picha ya Ndege, Kibaha. Makala niliziandika nyumbani kwenye daftari, kisha nikapanda daladala hadi mkahawa wa intaneti, nikalipia saa moja na kuanza kuchapa. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo ukurasa mmoja wenye picha mbili ungeweza kula robo ya saa uliyoilipia. Kwa hiyo msomaji hakuwa mtu wa kupitapita. Alikuja kwa sababu kuna mtu aliyemwelekeza.

Mwelekezaji mkuu wa zama zile alikuwa Ndesanjo Macha. Akiwa Marekani, aliandika blogu ya Kiswahili iitwayo Jikomboe, na wakati huohuo alikuwa na makala katika gazeti la Mwananchi alimowahimiza Watanzania wafungue blogu zao. Yeye na wenzake walipendelea kuziita magazeti tando, jina ambalo bado naliona bora kuliko hili tulilobaki nalo. Angalieni mbinu yenyewe: gazeti la karatasi, lililofika stendi na ofisini, lilitumika kuwapeleka watu kwenye gazeti lisilo na karatasi. Septemba 2005, mjini Helsinki, Finland, alikutana na mpigapicha Muhidin Issa Michuzi na kumsaidia kufungua blogu. Blogu hiyo ikaja kuwa miongoni mwa zilizosomwa sana nchini na ughaibuni.

Waliofuata waliendeleza desturi hiyo. Ubavuni mwa kila blogu palikuwa na orodha ya viungo vya blogu nyingine. Jeff Msangi alikuwa Kanada, Evarist Chahali Uskoti, Freddy Macha London, Maggid Mjengwa hapa nyumbani. Ukifungua mmoja, unawakuta wengine. Mgeni mpya alipojitokeza, wenyeji walimtangaza kwa wasomaji wao na kwenda kumwachia maoni. Maoni yale yalikuwa na jina la mwandishi, na jina lilikuwa mlango: ukilibonyeza unaingia kwake. Ndivyo nilivyopata wasomaji wangu wa kwanza. Niliandika maoni marefu, ya hoja, kwenye blogu ya mtu niliyetofautiana naye kuhusu elimu ya juu, na wasomaji wake wakanifuata kuja kunibishia. Baadhi yao hawajaondoka hadi leo.

Wapo waliodhani njia ya mkato ni kubandika anwani zao kila mahali, hata penye tangazo la msiba. Walipuuzwa, na walistahili.

Mwaka 2006 ikaanzishwa Jambo Forums, iliyobadilishwa jina mwaka 2008 kuwa Jamii Forums. Hapo mambo yakabadilika, kwa sababu wasomaji wenyewe wakawa waandishi. Sakata la Richmond lilipopamba moto na Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008, watumishi wa umma waliokuwa na kompyuta mezani walitumiana anwani za mijadala kwa baruapepe. Mwezi huohuo waanzilishi, Maxence Melo na Mike Mushi, walikamatwa. Dola ilikuwa imeelewa kwamba nguvu ya tovuti ile ilikuwa katika njia nyingi zilizoelekea kwake, ambazo hakuna askari angeweza kuzisimamia zote.

Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Ada ya maombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na nyingine 1,000,000 kila mwaka. Juni mwaka huo Jamii Forums ilisimama kwa muda. Kwa mwandishi mdogo hesabu ilikuwa nyepesi: wengi walifunga, wakahamia Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp. Wasomaji waliwafuata huko, lakini wakawa wasomaji wa kampuni, si wa mwandishi. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 Twitter na WhatsApp zilipozuiwa, waliokuwa wameweka kila kitu humo walipoteza sauti na anwani kwa siku moja. (Tulifundishana kutumia VPN, lakini msomaji anayehitaji VPN ili akufikie tayari ni msomaji mmoja kati ya wengi.)

Mwezi uliopita makala yangu kuhusu mapato ya halmashauri ilisambaa katika makundi kadhaa ya Kibaha. Nilijua kwa sababu fundi baiskeli wa hapa mtaani alininukulia aya nzima. Kwenye tovuti yangu, siku hiyo, walikuwa wameingia watu 31. Mtu alikuwa ameinakili yote, akaondoa jina, akaondoa kiungo, na akaondoa jedwali nililotolea tarakimu zangu. Afisa mmoja wa umma alinipigia simu kwa hasira akitaka kujua tarakimu zile nimezitoa wapi. Nilimtumia anwani. Aliifungua tukiwa bado kwenye simu, akakaa kimya akisoma, kisha akaniambia kwamba safu ya tatu ina kosa. Alikuwa sahihi; nimeirekebisha jana.