Wine (programu ya kompyuta)

Wine ni programu huria inayowezesha programu zilizotungwa kwa ajili ya Windows kufanya kazi katika kompyuta zenye Linux, macOS na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, bila Windows yenyewe kuwekwa. Mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, ni programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vingine vya kompyuta, na ndio unaopokea maombi ya programu nyingine zote, yakiwemo ya kufungua faili na kuchora dirisha kwenye skrini.

Kinachoizuia programu ya Windows kufanya kazi ndani ya Linux kwa kawaida si prosesa, yaani kifaa kinachotekeleza amri, kwa kuwa mifumo yote miwili hutumika katika kompyuta zenye prosesa za aina moja. Sababu mojawapo ni muundo wa faili ya programu, ambao katika Windows huitwa PE na katika Linux huitwa ELF. Iliyo nzito zaidi ni kwamba programu haifanyi kila kitu yenyewe, bali huita huduma nyingi zilizohifadhiwa katika maktaba za mfumo, yaani mikusanyo ya misimbo inayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, na huduma za Windows hazimo katika Linux. Wine huipakia faili ya PE kwenye kumbukumbu, kisha kila programu inapoita huduma ya Windows, hupewa huduma ya jina hilohilo iliyoandikwa upya, ambayo nayo hupeleka ombi kwa Linux; hata diski C ambayo programu hudhani inaiona ni folda tu.

Kwa hiyo Wine hutofautiana na mashine pepe, ambayo ni kompyuta ya kuigwa ndani ya kompyuta halisi. Mashine pepe hutenda kwa uaminifu zaidi, lakini huhitaji nakala kamili ya Windows pamoja na leseni yake, na hugawana kumbukumbu na mfumo mwenyeji, jambo ambalo kompyuta ndogo huimudu kwa shida.

Kazi ya kuitunga Wine ilianza mwaka 1993, na tangu 1994 imeongozwa na Alexandre Julliard. Hata hivyo toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka 15. Kuchelewa huko hakupaswi kuhesabiwa kuwa uzembe. Msimbo wa Windows ni siri ya Microsoft, hivyo watungaji walilazimika kuchunguza kwa majaribio jinsi kila huduma inavyojibu, na kwa kuwa programu nyingi zimezoea hata kasoro za Windows, ilibidi kasoro hizo nazo ziigwe. Msukumo mkubwa zaidi ulitoka kwenye michezo: mwaka 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, na mwaka 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, kifaa cha mkononi chenye Linux ambacho huchezesha michezo mingi ya Windows kwa njia hiyo.

Wine haifai kwa kila kitu. Viendeshi, yaani programu ndogo zinazoongoza vifaa kama printa, kwa kawaida havifanyi kazi ndani yake, na baadhi ya michezo yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu hukataa kufunguka. Katika kompyuta za Apple zilizotoka tangu 2020 zikiwa na prosesa za aina nyingine, ARM, amri za programu zenyewe huhitaji kwanza kufasiriwa, kazi inayofanywa na programu ya Rosetta 2.

Penye programu iliyotungwa kwa mifumo yote tangu awali, Wine haihitajiki kabisa. Mfano ni OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, ambayo toleo lake la Kiswahili, Jambo OpenOffice, lilitolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.