Kupiga kambi peke yako kutoka Embu hadi Meru: Njia, hatari na maandalizi

SAFARI ya kutoka Embu hadi Meru kwa gari, mtu akiwa peke yake na hema lake, ni miongoni mwa ziara zenye mandhari mengi zaidi nchini Kenya. Katika muda wa siku saba au nane, msafiri huanzia nyanda kavu za Mbeere, akapanda hadi kwenye vilele vya Mlima Kenya, kisha akateremka hadi kwenye joto la Mbuga ya Kitaifa ya Meru.

Hata hivyo, safari hii ina mtego ambao wengi hawautambui. Gari humpandisha mtu mlimani haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea, na aliye peke yake hana mwenzake wa kumwambia kwamba hali yake imebadilika. Ndiposa msafiri wa aina hii anahitaji mpango madhubuti kuliko wanaosafiri kwa kundi.

Eneo lenyewe

Mlima Kenya ndio mrefu zaidi nchini na wa pili barani Afrika baada ya Kilimanjaro. Kilele chake cha juu, Batian, kina urefu wa mita 5,199, kikifuatwa na Nelion chenye mita 5,188. Vilele hivyo viwili hupandwa kwa kamba na wenye ujuzi wa kukwea miamba pekee. Wapandaji wa kawaida hufika Lenana, mita 4,985, ambako Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya wakati wa uhuru mnamo Desemba 1963.

Eneo la juu la mlima lilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1949, na mwaka wa 1997 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wameru huuita mlima huo Kirimaara. Upande wake wa mashariki umegawanywa baina ya kaunti za Embu, Tharaka Nithi na Meru. Kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka wa 2013, maeneo hayo yote yalikuwa katika Mkoa wa Mashariki, makao makuu yake yakiwa mjini Embu.

Barabara

Embu uko takriban kilomita 125 kutoka Nairobi kupitia Thika na Makutano. Kutoka hapo, barabara ya lami hupitia Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu hadi mjini Meru. Barabara hiyo huzunguka mlima kwa upande wa mashariki na kukata mabonde mengi ya mito inayotiririka kuelekea Tana, hivyo ina kona nyingi na miteremko mikali.

Mteremko unaoogopewa zaidi ni ule wa daraja la Mto Nithi, baina ya Chuka na Chogoria. Mnamo Julai 2022, zaidi ya watu 30 walifariki hapo basi la abiria lilipotumbukia bondeni. Dereva anashauriwa kutumia gia nzito mapema badala ya kutegemea breki, na kuepuka kusafiri usiku.

Mwea: Kituo cha kwanza

Kabla ya kukabili mlima, msafiri anaweza kulala usiku mmoja katika Hifadhi ya Mwea iliyoko Mbeere, Kaunti ya Embu, karibu na bwawa la Kamburu. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka wa 1976, ni ndogo, ikiwa na ukubwa wa takriban kilomita 42 mraba. Isichanganywe na mashamba ya mpunga ya Mwea yaliyoko Kirinyaga.

Humo mna ndovu, viboko, mamba na ndege wengi wa majini. Kwa anayepiga kambi peke yake, usiku huo ni wa majaribio. Ikiwa taa haiwaki, jiko linavuja au zipu ya hema imekatika, ni afadhali kasoro hiyo ijulikane mahali ambapo mji wa Embu hauko mbali.

Kupanda kupitia Chogoria

Njia ya Chogoria inasifiwa na wapandaji wengi kuwa yenye mandhari ya kupendeza kuliko zote za Mlima Kenya. Kutoka mji wa Chogoria, barabara ya udongo hupenya msitu mnene na kisha mianzi kwa takriban kilomita 30 hadi kwenye lango la mbuga, lililo mita 2,950 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua ikinyesha, barabara hiyo huteleza kiasi kwamba gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne laweza kukwama. Ndovu na nyati hupita humo pia.

Juu ya lango mna Ziwa Ellis, kwenye urefu wa karibu mita 3,450. Wapandaji wanaoendelea huandama ukingo wa bonde kuu, huku Ziwa Michaelson likionekana chini kabisa, hadi kwenye vidimbwi vya Hall vilivyo karibu mita 4,300. Kutoka hapo ndipo hujaribu Lenana alfajiri.

Hapa ndipo upweke unapofikia kikomo. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) haliruhusu mtu kupanda mlima akiwa peke yake. Ni sharti awe na mwenzake au mwelekezi. Waelekezi na wapagazi hupatikana mjini Chogoria, na msafiri anafaa kudai kuona kitambulisho cha kazi kabla ya kukubaliana bei.

Kwa nini sharti hilo?

Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa njia ya kuwatoza pesa. Sababu halisi ni ya kitabibu. Kuanzia urefu wa mita 2,500 hivi, mtu anaweza kupatwa na ugonjwa wa mwinuko kwa sababu ya uhaba wa oksijeni. Dalili za kwanza ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi kupotea. Ukizidi, maji hujaa kwenye mapafu au ubongo huvimba. Mgonjwa hukohoa, hupumua kwa shida hata akiwa amekaa, hupepesuka kama mlevi na huanza kusema mambo yasiyoeleweka.

Ubongo unapovimba, kinachoharibika mapema ni uwezo wa kupima mambo. Mgonjwa husisitiza kwamba yuko salama. Mtu wa pili ndiye anayeweza kuona kwamba mwenzake hawezi tena kutembea kwenye mstari ulionyooka na kumlazimisha ateremke, kwa kuwa kuteremka ndiyo tiba ya kwanza.

Wataalamu hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, asiongeze urefu wa mahali anapolala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Mji wa Embu uko kwenye urefu wa takriban mita 1,350. Anayetoka huko asubuhi na kulala langoni Chogoria jioni amepanda mita 1,600 akiwa ameketi kwenye usukani. Inafaa alale langoni usiku mbili, kisha Ziwa Ellis, na kuongeza usiku mwingine njiani kabla ya vidimbwi vya Hall.

Historia ya mlima nayo inashuhudia. Mnamo Septemba 1970, daktari kutoka Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian na kuvunjika mguu vibaya. Mwenzake, Oswald Oelz, aliteremka kuitisha msaada. Shughuli ya uokoaji ilichukua zaidi ya wiki moja, ikahusisha wapandaji wa Kenya na kikosi kutoka Austria, na rubani wa helikopta akafariki. Judmaier alinusurika. Lau angekuwa peke yake, hakuna ambaye angejua alikolala.

Mbuga ya Meru

Kutoka mjini Meru, barabara hupita kwenye vilima vya Nyambene hadi Maua, kisha huteremka hadi lango la Murera, safari ya takriban kilomita 80. Sehemu hiyo ni kitovu cha miraa, na magari yanayokimbiza zao hilo sokoni huenda kwa kasi kubwa. Maua ndipo mahali pa mwisho pa kutegemewa pa kujaza mafuta na kununua chakula.

Mbuga ya Meru, yenye ukubwa wa takriban kilomita 870 mraba, ilipata umaarufu kupitia simba jike Elsa, aliyelelewa na Joy na George Adamson. Elsa alifariki mwaka wa 1961 na kaburi lake limo mbugani. Katika miaka ya 1980 majangili waliihujumu vibaya. Mwaka wa 1988 waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi. Baadaye usalama ulirejeshwa, na leo mbuga ina hifadhi maalumu ya vifaru.

Kambi ya umma iko Bwatherongi. Tofauti na mlimani, hapa mtu anaruhusiwa kuwa peke yake, lakini hatari zake ni nyingine. Kuna simba, mbung'o na mbu waenezao malaria. Gari likiharibika, dereva abaki ndani yake na asubiri msaada.

Maandalizi

Miezi ya Januari na Februari, pamoja na Agosti na Septemba, huwa na mvua kidogo kuliko ile ya masika na vuli. Ada hulipwa kwa njia ya kielektroniki kabla ya kufika langoni.

Beba jiko la gesi. Moto wa kuni ni hatari kubwa kwenye nyasi za mlimani. Mioto ya 2012 na 2019 iliteketeza maeneo mapana. Beba pia mfuko wa kulalia unaohimili baridi kali, tairi ya akiba, maji na dawa.

Zaidi ya yote, mwachie mtu wa nyumbani ratiba iliyoandikwa: utalala wapi kila usiku, namba ya gari, jina la mwelekezi na saa ambayo, usipopiga simu, yeye ataarifu KWS. Jifya moja haliinjiki chungu, na anayekwenda peke yake sharti awe na mtu anayemngoja.