Jina Kwanza, Viza Baadaye

Binamu yangu ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania. Miaka michache iliyopita alikuja nyumbani na bahasha ya kaki imejaa: cheti cha chuo, leseni, pasipoti, matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Alikuwa ameshamlipa wakala hela ya "kushughulikia viza ya Uingereza". Nikamuuliza, umeshasajiliwa kule? Akabaki kunitazama. Kumbe wakala hakumwambia kwamba kabla ya mlango wa viza kuna mlango mwingine. Hela yenyewe haikurudi mpaka leo.

Tangu siku ile nikawa najiuliza, huo mlango wa kwanza aliujenga nani, na alikuwa anamzuia nani? Nilidhani ni mambo ya juzi juzi tu. Sivyo. Inabidi turudi London, mwaka 1894.

Mwaka huo jarida la madaktari, British Medical Journal, liliandika kwamba baadhi ya nyumba za kukanda mwili jijini humo zilikuwa madanguro yaliyobandikwa jina la heshima. Wanawake waliokanda wagonjwa kwa uaminifu wakaanza kutazamwa kwa jicho baya. Wanne kati yao, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wakaanzisha chama chao. Wakaweka mitihani na kanuni, mojawapo ikiwa ni kutokanda mtu bila maelekezo ya daktari. Anayefaulu, jina lake linaandikwa. Chama hicho ndicho leo kinaitwa Chartered Society of Physiotherapy.

Kwa hiyo orodha ya majina haikuanza kwa ajili ya mgeni. Ilianza ili jirani amwamini jirani.

Serikali iliingia rasmi mwaka 1960, kwa sheria ya fani "saidizi" za tiba. Zilikuwa saba, zikiwemo fiziotherapia, upigaji picha za mionzi, maabara na lishe. Bila kusajiliwa hupati kazi katika hospitali za umma. Ila mtaani, mtu yeyote aliweza kutundika kibao na kujiita mtaalamu. Mwanya huo ulikuja kuzibwa baada ya baraza jipya kuanza mwaka 2002, na majina yenyewe ya fani yakalindwa na sheria. Tangu 2012 baraza hilo linaitwa Health and Care Professions Council, na leo linasimamia fani 15.

Sasa tuje kwenye mlango wa pili. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Julai 1962, hata mwaka haujapita, Uingereza ikaanza kutumia sheria ya kuwadhibiti wahamiaji kutoka Jumuiya ya Madola, ambao kabla ya hapo waliingia bila kizuizi cha namna hiyo. Waliotaka kwenda kufanya kazi wakahitaji vocha, na wenye ujuzi maalumu wakawekewa fungu lao. Yaani tulipandisha bendera, na wao wakaanza kufunga geti.

Milango hii miwili ilikuwa na historia mbalimbali: mmoja wa kulinda mgonjwa, mwingine wa kulinda mpaka. Leo imeunganishwa kama mageti ya nyumba moja. Agosti 2020 ilianzishwa viza ya wahudumu wa afya, nafuu kwa ada. Lakini ili uombe unahitaji hati ya udhamini kutoka kwa mwajiri mwenye kibali, na mwajiri wa mtaalamu wa fiziotherapia anataka kwanza kuona jina lako kwenye orodha ya baraza. Baraza nalo linapima masomo uliyosoma na mazoezi ya wodini dhidi ya viwango vyao, na kwa kawaida linataka IELTS ya wastani wa 7.0, bila kipengele kilicho chini ya 6.5. Viza ndiyo inafuata, pamoja na cheti cha kifua kikuu na cha polisi.

Kuna jambo jingine ambalo wakala alilinyamazia. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na mwongozo wa Uingereza unakataza waajiri na mawakala kuja kuvuna watu huku. Mtu binafsi hakatazwi kuomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri. Maana yake ni kwamba binamu yangu alimlipa mtu kwa kazi ambayo mtu huyo hakutakiwa kuifanya.

Safari ya pili aliifanya mwenyewe. Kilichomchosha ni mihtasari ya masomo: miezi kadhaa ya kufuatilia mhuri chuoni. Mwishowe jina likaingia kwenye orodha. Viza bado hajaomba. Hospitalini kwao wapo wataalamu wawili tu wa fiziotherapia, na anajua akiondoka nani atabaki na foleni ile ya asubuhi. Mimi simwambii aende wala abaki. Ila kama nawe una ndugu mwenye bahasha ya kaki, mwambie aanze na jina. Viza baadaye.