Marudio: Neno na Hesabu Yake

Wachimbaji wadogo walipofurika Geita na Kahama katika miaka ya 1980 na 1990, mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki uliitwa marudio. Neno hilo, litokanalo na kitenzi rudi, limebeba hesabu. Ikichukuliwa, kwa mfano, kwamba kila uoshaji hutoa theluthi ya dhahabu iliyosalia, hupatikana mfululizo wa kijiometri: 1/3, 2/9, 4/27, na kuendelea, wenye uwiano wa 2/3. Namba ya kwanza ikigawanywa kwa 1 kutoa uwiano, jumla ni 1, yaani dhahabu yote. Lakini kwa desturi ya mialo mingi, mchimbaji huondoka na namba ya kwanza pekee. Marudio ni ya mwenye mwalo, naye kwa sayanidi huweza kuyarudia. Katika mfano huu, theluthi mbili zimo humo.