Bunduki ya Mgeta na bunduki ya Liège

Mgeta kuna kata inaitwa Bunduki. Siyo utani, wadau, ipo kwenye ramani, wilaya ya Mvomero, katikati ya mashamba ya kabichi na karoti. Hakuna silaha inayotengenezwa pale. Kazi hiyo iko chini ya mlima, Morogoro, kwenye Shirika la Mzinga, mali ya jeshi, lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China.

Nimekuwa nikijiuliza: kwa nini viwanda vya silaha vya kwetu ni vya serikali tu? Fundi binafsi alipotelea wapi?

Tuanzie Liège, Ubelgiji. Kule mafundi bunduki walifanya kazi majumbani na kwenye karakana ndogo ndogo, huyu anatengeneza mtutu, yule kitako. Mwaka 1889 serikali yao ikataka bunduki 150,000 aina ya Mauser kwa ajili ya jeshi. Karakana moja isingeweza. Wenye karakana wakaungana, wakaanzisha kampuni ya FN pale Herstal. Zabuni moja tu ya serikali, na mafundi wa mtaani wakawa kiwanda ambacho mpaka leo kinauza dunia nzima.

Huku kwetu, miaka ile ile, bunduki zilikuwa zinamiminika. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza Zanzibar alikadiria kwamba zinaingia Afrika Mashariki kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Halafu 1890 wakubwa wakakutana Brussels, wakakubaliana kwamba Mwafrika asiuziwe bunduki za kisasa. Aachiwe za gumegume, tena kwa kibali. (Kiwanda cha Herstal kilikuwa kimetimiza mwaka mmoja!)

Basi mhunzi wetu akabaki na gobore: bomba la chuma, kitako cha mti, baruti inashindiliwa kwa mdomoni. Leo, chini ya sheria ya silaha ya 2015, akilitengeneza kienyeji ni mhalifu, na kila baada ya muda Polisi hutangaza msamaha ili magobore yasalimishwe. Sisemi aachiwe, maana yameua watu na wanyama wengi. Ninachosema ni kwamba ujuzi wake haukuwahi kupata zabuni hata moja.

Uhuru ulipokuja, serikali zilileta kiwanda kizima kutoka nje. Kenya walijenga cha risasi Eldoret miaka ya 1990 kwa mashine za FN hao hao, na 2021 wakazindua cha bunduki Ruiru. Uganda wana Luwero Industries kule Nakasongola. Vyote vya serikali. Sekta binafsi imo, ila ni ya Mzungu, na kazi yake ni kutuuzia mitambo.

Hapo ndipo panaponiuma. Kampuni binafsi ya Kibelgiji, New Lachaussée, ilitaka kuiuzia Tanzania mitambo ya kutengeneza risasi. Mwaka 2005 serikali ya jimbo la Wallonia ikakataa kutoa kibali, kwa hofu kwamba risasi zingevuka mpaka kwenda Kongo. Hofu yenyewe ilikuwa ya maana, watu walikuwa wanakufa kule. Lakini aliyeamua kama jeshi letu litengeneze risasi zake au la alikuwa amekaa ofisini Namur, mwendo mfupi tu kutoka Liège.