VIFAA VYA TIBA NI AMANA: MAZINGATIO KUTOKA KATIKA HISTORIA

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3, fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye vifaa vya tiba, zikiwemo mashine za CT scan za hospitali za rufaa za mikoa. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa 2012 na makao makuu yake Bariadi, una hospitali ya daraja hilo. Kumpunguzia mgonjwa safari ya Bugando, Mwanza, ni kheri kubwa. Lakini je, kununua tu kunatosha?

Turejee historia. Al-Mansur Qalawun, kabla hajawa Sultani wa Misri, aliugua akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa za bimaristani ya Nurud-Din Mahmud, akaweka nadhiri. Mwaka 683 Hijria (1284) akajenga hospitali yake Cairo. Hakuishia kwenye majengo: aliiwekea waqfu, ili mapato yake yagharimie matabibu, dawa na chakula cha wagonjwa, tajiri na maskini, wanaume na wanawake. Ndiyo maana ilidumu karne nyingi.

Hata hivyo, Al-Maqrizi anasimulia kuwa watu walilazimishwa kuijenga, na baadhi ya watu wa dini wakajizuia kuswali katika madrasa iliyojengwa pamoja nayo. Hawakuipinga tiba, walichopinga ni dhulma kufunikwa kwa kheri.

Hapa tunapata mazingatio mawili. Kwanza, mashine bila fundi, vipuri na mtaalamu wa kusoma picha zake ni mali iliyopotea. Pili, dharura haiondoi hesabu. Fuqahaa wamekubaliana kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake, na Imamu Shafi'i amemfananisha kiongozi na msimamizi wa mali ya yatima. Sayyidna Umar (R.A.) aliorodhesha mali za magavana wake kabla hawajashika kazi.

Mkopo huu utalipwa na raia wote, pamoja na mkulima wa pamba wa Bariadi. Basi kuuliza mashine ilinunuliwaje, na kama inafanya kazi, si fitina bali ni nasaha.

Wallahu a'lam.